Gari la Wagonjwa la Akina Mhoja

Saa saba mchana Apolinaria alikuwa amekaa mkekani nyuma ya nyumba yake, katika kijiji kimoja upande wa Goweko, akifunga majani ya tumbaku kwenye vijiti, Masolwa alipotokea mbio na kandambili moja. Mke wake, Leonia, alikuwa na uchungu tangu alfajiri.

"Yuko wapi?"

"Zahanati, bibi. Nesi Dafrosa anakuita."

Hapo palikuwa na kikwazo. Kijiji kilikuwa na sheria ndogo: mkunga wa jadi akimgusa mzazi, faini mbuzi. Apolinaria, aliyepokea mikononi nusu ya kijiji, hata mtendaji mwenyewe aliyeitia sahihi, alipeleka mbuzi siku ileile sheria ilipobandikwa, akamfunga mlangoni pa ofisi, akasema yeye hupenda kumaliza mambo mapema. Mbuzi bado alikuwa pale. Tangazo la sheria alishalila.

Zahanati ilikuwa na rangi mpya, kitanda cha kuzalia, na tangi la maji lisilo na maji. Dafrosa alikuwa amemaliza kumpima Leonia. Apolinaria naye akapitisha viganja juu ya tumbo, taratibu, vikasimama ubavuni, kwenye kichwa cha mtoto.

"Amekingama," alisema Dafrosa.

"Amekingama. Huyu si wangu wala si wako, mwanangu. Huyu ni wa kisu. Mjini."

"Nimepiga simu. Gari la kata liko gereji. Liko gereji tangu nilipohamia hapa."

Mvua ilikuwa imekata barabara, na pikipiki haibebi mtu wa namna ile. Mtendaji Sabiri akafika, shati limenyooshwa pasi, akasimama mlangoni.

"Bibi, sheria unaijua."

"Naijua, na mbuzi unaye. Gari liko wapi?"

Sabiri alisema suala la gari linashughulikiwa.

Apolinaria akatoka nje. Nyuma ya zahanati inapita njia ya zamani, ile ya misafara ya pembe za ndovu kwenda pwani. Wapagazi waliofia humo hawajawahi kuondoka. Jioni huonekana wamepumzika kando, na watu wa huko hupita zao. Akawaita kwa Kinyamwezi, kwa sauti ya mtu anayeita ng'ombe waliochelewa, kwamba kuna mzigo.

Wakaja kundi zima, vumbi hadi magotini, mabega yamesuguka. Mbele alikuwa Mhoja, kiongozi wao, na manyoya yake ya mbuni kichwani. Palitokea mvutano kidogo juu ya nani amwamkie mwenzake, maana Mhoja alionekana kijana wa miaka thelathini.

"Mimi nilikufa babu yako hajazaliwa," alisema Mhoja.

"Haya, shikamoo."

"Marahaba. Mzigo wa nani?"

"Ni mke wa Masolwa. Msimdondoshe."

Mhoja aliudhika kidogo. "Hatujawahi kudondosha. Tulikuwa tunadondoka sisi, mzigo unaendelea."

Wakamlaza Leonia kwenye kitanda cha kamba, wakakiinua, wakaanza wimbo wao wa pembe. Leonia akainua kichwa.

"Mimi si pembe. Imbeni kingine."

Kingine hawakuwa nacho. Basi Dafrosa, aliyetembea na Apolinaria kando ya kitanda huku ameinua chupa ya dripu, akawafundisha king'ora. Walikishika upesi na wakagawana sauti, ya juu na ya chini. Mitoni maji yaliwapita miguuni bila kuwalowesha. Masolwa, aliyekuwa hai, alilowa hadi kifuani. Wafu hawachoki, kwa hiyo walifika mjini jua halijazama. Mlinzi wa hospitali aliwaambia ndugu wa mgonjwa aingie mmoja, wengine wakae pale ukutani. Wakakaa.

Leonia akapasuliwa. Akatoka mtoto wa kike, analia kama anayedai.

Sasa wapagazi wana desturi yao: aliyeshusha mzigo harudi na mabega matupu, na mwenye safari ndiye anayetaja mzigo wa kurudi nao.

"Tunarudi na nini?" aliuliza Mhoja.

Apolinaria akatazama ng'ambo ya barabara. Gerejini palikuwa na gari jeupe juu ya matofali, jina la kata yao ubavuni, kuku ameatamia kwenye kiti cha dereva.

"Na lile. Ni letu."

"Mama, hilo halina injini," alisema fundi.

"Nani amekuuliza injini?"

Fundi aliomba tu aachiwe kuku wake.

Asubuhi gari lilikuwa limewekwa mbele ya ofisi ya kijiji, karibu na mbuzi. Sabiri alilizunguka.

"Umeliiba, bibi."

"Soma ubavuni."

Akasoma. "Linatembea?"

"Limefikaje hapa?"

Wiki ile wakubwa wakaja kutoka wilayani, wakapiga picha, wakatangaza kwamba gari limerudi kazini. Na kwa kuwa limerudi kazini, injini iliyokuwa imeahidiwa ikapelekwa kwenye gari la mkubwa mmoja. Sheria ya mbuzi ilibaki, na maji hayakuja.

Siku hizi mzazi akilemewa hulazwa ndani ya gari, Dafrosa pembeni yake, Apolinaria kwenye usukani, maana hakuna mwingine anayekubaliwa na akina Mhoja kukaa pale. Wanaliinua, wanaimba king'ora, wanaondoka. Wakifika ofisini Apolinaria huwaambia wapunguze mwendo. Anashusha kioo.

"Sabiri, injini imefika?"

"Inashughulikiwa, bibi."

"Basi ondoka njiani, tuna mzazi."

Juzi alimpelekea mbuzi wa pili, kwani yule wa kwanza amezeeka. Alimfunga palepale mlangoni, akampa kamba ndefu, imfikishe hadi kwenye tangazo jipya.