Mfalme wa Safu ya Chini

Wewe umewahi kumpigia mfalme magoti kwa ajili ya bili ya umeme? Bi Roshanara alipiga, pale Rexdale, huko ughaibuni kwenye theluji, kipupwe cha mwaka 2014, na magoti yenyewe yalikuwa ya kubembelezwa ndipo yakunjike.

Miaka yote Evans wa posta alikuwa akimletea barua mlangoni. Bi Roshanara alimfundisha kubisha hodi, naye akaizoea hiyo hodi, akawa anaianza kabla hajafika ngazini. Halafu posta ikasema basi, kila mtu atafuata barua zake kwenye visanduku vya chuma kwenye kona ya mtaa. Majirani walilalamika. Bi Roshanara hakuona ajabu. Kwao Mwanza ukoo mzima ulikuwa na S.L.P. moja na hakuna aliyekufa. Ila Mwanza hakukuwa na barafu, na kisanduku alichopewa hapa kilikuwa cha safu ya chini kabisa.

Siku ya kwanza alishika chuma, akashuka kidogo kidogo huku anaguna, akafungua. Ndani alikaa mfalme, urefu wa kijiko cha chai, taji kichwani, kingo za joho lake zina meno meno kama stempu, na amegongwa muhuri wa posta shavuni.

"Inuka, mama," akasema. "Tumeipokea heshima yako."

"Nimeinamia bili," akajibu Bi Roshanara. "Sogeza mguu, Mtukufu."

Akausogeza. Alieleza kwamba aliwahi kutawala kisiwa, akapinduliwa, na nafasi yake kwenye stempu akapewa pweza. Tangu hapo alikuwa njiani, kwa posta ya meli. Sasa kila anayeinama safu ya chini anamrudishia utawala kidogo. Na kweli, kufika Februari alikuwa amekua hadi kuijaza safu nzima, magoti yamemfika kidevuni. Valerian, jirani wa kisanduku cha pili, aliteuliwa Waziri wa Bandari. Akauliza tu kama cheo kina maegesho. Wenye visanduku vya juu hawakuwa na haja ya kuinama, kwa hiyo wakahesabiwa wapinzani. Evans alikuwa akipenyeza barua chini ya kwapa la mfalme, huku anaomba radhi.

Magoti ya Bi Roshanara yakavimba. Mwanawe Mohsin, anayefanya zamu ghalani karibu na uwanja wa ndege, alimwambia aache kuhangaika, bili zote siku hizi ziko kwenye simu. Hakuacha. Akampelekea mfalme ombi: barua zirudi mlangoni. Mfalme alifurahi mno kuombwa. Akaandika amri, akalamba mwenyewe mgongo wa stempu yenye uso wake, akampa Evans aifikishe kwa wakubwa wa posta.

Jibu lilikuja theluji ilipoanza kuyeyuka. Lilitiwa kisanduku cha chini, na Bi Roshanara akainama kulichukua. Wakubwa walimshukuru mfalme kwa kutumia huduma zao. Visanduku vinabaki.

Mfalme aliona haya. Akamuuliza, kwani ni barua gani hiyo anayoisubiri? Mbona yeye anashinda humo kutwa, na hajaona kingine zaidi ya bili na matangazo ya piza?

Bi Roshanara alikuwa bado yuko chini, mkono kwenye chuma baridi.

"Si barua, Mtukufu," akasema. "Nilikuwa nataka mtu anibishie hodi."