Kuku Waliokwenda Kwao

Haya ninayosimulia hayana chumvi hata chembe. Naapa kwa Biblia niliyopewa siku ya kipaimara, na anayebisha aje hapa Chiwata amuulize kuku yeyote.

Mimi ni dereva mstaafu wa lori la korosho, njia ya Masasi na Newala. Kiingereza nilijifundisha mwenyewe kwa redio ya lori na kamusi isiyo na jalada. Ndiyo maana Mama Gift, mwenyekiti wa kikundi cha akina mama cha ufugaji, alikuja kwangu mbio kutoka mkutanoni, hata kitenge hajakikaza.

"Shikamoo Babu Nathanaeli. Bwana mifugo anasema mradi wake hauanzishi kitu, kazi yake ni ku-strengthen. Ndiyo nini?"

"Marahaba. Keti."

"Sikai. Kesho anakuja kutukagua."

"Ni kupata nguvu, au kukipa kitu nguvu. Uraka, pombe ya mabibo, leo anaunywa mtoto, kesho unamlaza mzee shambani. Hapo ume-strengthen. Upepo wa Newala unaanza na majani, unamalizia na mabati. Nao ume-strengthen, wala hakuna aliyeuomba. Ukuta ukiinama ukautia nguzo, wewe ndiye ume-strengthen ukuta. Ila ukuta lazima uwepo. Hewa haitiwi nguzo."

Uso ukamshuka. Kuku wa kikundi walikufa kwa kideri mwaka jana, akabaki tetea mmoja kishingo, asiye na manyoya shingoni. Tangu hapo akina mama wenzake walikuwa wakimpita Mama Gift kwenye foleni ya maji kama hawamjui.

"Huyo mmoja hawezi kuongezewa nguvu?"

"Mmoja si mradi, ni kitoweo," nikasema, kwa uhakika wa mtu mwenye kamusi. "Tuazime kuku. Bwana mifugo akute banda limejaa."

"Akigundua, Babu, kikundi kimekufa, na mimi nahama kijiji."

"Akigundua nakulipa kuku wangu wote."

"Si ulisema wa kwako nao walikufa kwa kideri?"

"Ndiyo maana naahidi bila woga."

Asubuhi tukapita nyumba kwa nyumba na matenga. Jogoo wa Chrispin alitoka kijiji cha Chiungutwa kwa bodaboda, amekaa nyuma kama abiria. Tukawafungia wote kwenye banda la udongo uani kwa Mama Gift, tukasubiri.

Bwana mifugo hakuja asubuhi. Adhuhuri hakuja. Upepo unabamiza mlango wa banda, kuku wageni wanapigana humo ndani, Mama Gift anakaa, anasimama, anachungulia barabara, anarudi kuniuliza kama nimesikia pikipiki. Mimi mwenyewe sikuweza kutulia. Nilifagia uwanja uliokwisha kufagiliwa mpaka nikafikia mizizi ya mkorosho.

Akafika jua limeshainama, suruali nzima vumbi. Jina lake Ambakisye, mtu wa Mbeya, kijana mpole. Pancha ilimkamatia Lisekese.

"Shikamoo mzee. Poleni kwa kungoja, mama." Akachungulia bandani. "Mmejitahidi, limejaa. Sasa wafungulie, niwaone wanavyotembea."

Mama Gift akanitazama. Nikatazama mawingu.

Mlango ulipofunguliwa kuku walitoka, wakaliangalia jua, wakaanza kwenda kwao. Wa Mzee Oscar wakakata kushoto. Wa Bertila wakapita chini ya kamba ya nguo, mmoja nyuma ya mwingine, kama wanafunzi wanaingia darasani. Jogoo wa Chrispin, na hapa naapa mara ya pili, alirukia pikipiki ya bwana mifugo, akakaa kitini akielekea Chiungutwa, akangoja dereva.

"Mama," Ambakisye akasema polepole, "kuku wako kila mmoja ana kwao."

Mama Gift hakunitupia mzigo. "Si wetu hao. Wa kikundi ni yule." Kishingo alibaki bandani peke yake, ameshapanda juu ya mti wa kulalia. "Wenzake kideri kiliwamaliza. Niliogopa mmoja hatatosha."

"Na yeye aliugua?"

"Aliugua, akapona."

Kijana akachuchumaa, akamwangalia yule kuku kwa muda. "Nani alikwambia hatoshi? Chenye nguvu tele utakiongezea nini? Neno lile la mkutanoni ni la wanyonge, mama."

Akina mama waliokuwa wakichungulia juu ya ua wakanigeukia wote kwa pamoja.

"Nitaleta chanjo na vifaranga," akaendelea. "Ya leo yaishe. Ila tafuteni na matetea wa kuanzia, wawe wenu kweli."

Hapo hapo, nyumbani kwangu ng'ambo ya uwanja, jogoo akawika.

"Babu," Mama Gift akasema. "Si walikufa?"

"Redio hiyo."

Redio ikawika tena. Mke wangu Scholastika akatokeza mlangoni na ungo mkononi. "Baba Ida, hawa kuku wako wanamaliza vyungu vyangu stoo. Niwafungulie, au mgeni bado yupo?"

Nililipa jioni ileile. Jogoo kwapani, matetea mikononi vichwa chini, nikavuka uwanja mpaka banda la Mama Gift huku akina mama wakinipigia vigelegele vya kejeli. Na Mama Gift sasa hapitwi kwenye foleni ya maji; wanamshikia nafasi.

Shida ni kwamba kuku wangu nao wana kwao. Kila jua likiinama wanarudi, wanapanga mstari mlangoni pangu. Nikijifanya siwaoni, nasikia sauti kutoka ng'ambo.

"Babu, leo vipi, hutu-strengthen?"

Naweka kikombe chini, nawakusanya, nawabeba tena.