Mpira Usiovutwa

To. Kimya. To.

Hakujapambazuka, na umeme ulikuwa umekatika. Nilikuwa kitandani na binti yangu, mguu wake juu ya tumbo langu kama kawaida yake, nikisikia maji yakimwagika bafuni taratibu. Lakini si hayo yaliyonifumbua macho. Ni sauti ile nyingine, ya tone likigonga sahani ya bati tuliyoiweka chini ya mlango wa bafu, upande wa nje, upande ambao hapakutakiwa kudondoka hata tone.

"Umelala?" mama akaita gizani. Alikuwa ameamka kujaribu kazi yetu.

"Nimesikia, mama."

"Basi njoo tuione aibu yetu pamoja."

Mlango wenyewe ulikuwa wa kioo, na mpira wake wa chini, ule wa kuzuia maji, ulikuwa umekauka na kupasuka tangu tulipohamia. Kila tulipooga, maji yalipenya yakafika hadi ukumbini. Hapo ndipo mama alipoteleza, akaangukia kiuno. Kaka yangu alipoona anavyochechemea hakupaza sauti, afadhali angepaza. "Nakuja Jumapili," alisema. "Nikikuta sakafu ina maji, naondoka na mama."

Mama alisubiri atoke ndipo akacheka. "Kwake mazulia kila pembe. Atanikalisha kama chungu cha maua, awe ananimwagilia asubuhi na jioni." Lakini vidole vyake vilikuwa vikikunja na kukunjua pindo la gauni. Mimi wakati huo nilikuwa nasoma masomo ya jioni, na yeye ndiye aliyembembeleza mtoto mpaka nirudi. Hata hivyo si masomo niliyoyawaza. Niliwaza nyumba isiyo na kikohozi chake kile cha kujifanya, kila aliponikuta nasinzia juu ya kitabu.

Kwa hiyo Jumamosi tulinunua mpira mpya, tukaufunga wenyewe. Mama alikuwa fundi cherehani maisha yake yote. Mimi nilikulia chini ya meza yake, nikimvutia lastiki za viuno vya sketi huku yeye akishona. Tukafanya vilevile. Yeye akashika ncha moja, mimi nyingine, tukauvuta ukanyooka, tukaupachika kwenye ukingo wa kioo, tukakata uliozidi. Ulikaa ukapendeza hata mama akaukonyeza.

Sasa mwanga wa mshumaa ulituonyesha kona iliyo wazi, upana wa kidole. Mpira tuliouvuta ulikuwa umerudi ukawa mfupi.

Mama aliutazama, kisha mabega yake yakaanza kutikisika. Nilidhani analia.

"Tumekivisha kioo sketi!" akasema, akijifuta machozi ya kicheko. "Mwanangu, kioo hakishibi, hakinenepi. Lastiki ya nini?"

Akaniagiza kapu lake la kushonea. Ndani yake mlikuwa na kipande kingine kizima cha mpira, kwa sababu mama hakununua kitu cha kutosha tu. Alinunua cha kutosha na cha kukosea. Safari hii hatukuvuta. Tulianzia konani, tukausukuma kwa vidole gumba, kidogo kidogo, kama unavyomvisha nguo mtoto aliyelala, ukingo mwembamba wa mpira ukitazama ndani ya bafu. Tukauacha uzidi kiasi cha punje, ujibane wenyewe.

Mpira huo upo mpaka leo. Umegeuka rangi ya chai, na binti yangu, siku hizi mrefu kunikaribia, ananiambia tuubadilishe. Namwambia tutaubadilisha. Mama alikaa nasi miaka mingine mizuri kabla hajatutoka, na kila nikisafisha kioo kidole gumba changu hupita pale kilipopita chake.

Lakini Jumapili ile alikuwepo, amekaa kwenye kigoda ukumbini, akijifanya anashona kifungo ambacho hakikuwa kimelegea. Kaka alivua viatu, akasimama na soksi zake mbele ya mlango wa bafu, mikono nyuma, mithili ya mkaguzi.

"Haya, fungueni maji," akasema.

Nilimwogesha binti yangu kwa maji mengi kuliko siku zote. Nikafunga bomba. Sindano ya mama ilikuwa imesimama hewani. Nikamfunga mtoto taulo, nikatoka nimembeba, nikamshusha miguuni pa mjomba wake. Mtoto akachuchumaa, akapapasa vidole vya mjomba kimoja kimoja, kisha akamgeukia bibi yake.

"Soksi za mjomba hazijalowa."