Pembetatu Kwenye Kamba ya Nguo

Jana usiku niliota pembetatu yangu amekaa kwenye stuli, anakunywa chai ya rangi. Nasema yangu kwa sababu nilimkata mwenyewe jioni ile kutoka kwenye boksi la biskuti, na maandishi ya biskuti bado anayo mgongoni.

"Madam Nsia," akasema, "kesho tunakaguliwa?"

"Tunakaguliwa."

Alikuwa analijua hilo. Mimi ni mwanachuo wa ualimu niliye kwenye mazoezi, nafundisha hesabu Kidato cha Pili kwenye shule moja huku Upareni, na msimamizi kutoka chuoni alikwishakuja mara ya kwanza. Siku hiyo niliwaambia wanafunzi kwamba pembe tatu za pembetatu zikijumlishwa ni nyuzi mia na themanini. Binti mmoja anayeitwa Kandida akanyoosha mkono akauliza kwa nini. Nikamjibu kwamba ndivyo kitabu kinavyosema. Kandida akakaa chini, na msimamizi akanipa alama ambazo hata mama sijamwambia. Nikishindwa tena, narudia mwaka mzima. Naogopa, wala sioni haya kusema.

"Umeshapata jibu la yule mtoto?" pembetatu akauliza.

"Bado."

"Basi twende." Akaweka kikombe chini. "Chai yenyewe haina sukari."

Tukatoka. Nje ya mlango wangu siku zote kuna banda la kuku la mama mwenye nyumba. Safari hii kuna kituo cha kununulia kahawa, na foleni ya pembetatu inafika barabarani. Wanapimwa. Karani wa mizani ni rula ya mbao iliyokatika mwanzoni, kama zile za wanafunzi wangu.

"Mimi naanzia tatu," akaniambia kabla hata sijamsalimu. "Ukisoma chochote kwangu, toa tatu."

Anapanda pembetatu mkubwa kama kiwanja cha mpira. Karani anatangaza, "Mia na themanini. Hapo usitoe kitu." Anapanda mwingine aliyechanwa kwenye pembe ya daftari. "Mia na themanini." Anapanda mwembamba, amekonda hadi unamwonea huruma. "Mia na themanini."

Kandida anatokea nyuma yangu na sare yake, sweta amelifunga kiunoni.

"Shikamoo, Madam."

"Marahaba."

"Kwa nini wote ni mia na themanini?"

"Si umeiona mizani?"

"Nimeiona, Madam. Sijauliza ngapi. Nimeuliza kwa nini."

Karani akajifanya anatafuta miwani. Papo hapo kituo cha kahawa kikawa darasa la Kidato cha Pili B, na msimamizi akaingia. Ni bikari. Mguu mmoja ameuchomeka sakafuni, mwingine una penseli, na hawezi kwenda popote bila kuzunguka. Akanizunguka. Nikajikuta nimesimama ndani ya duara.

"Endelea, mwalimu," akasema. "Utatoka humo ukishajibu."

Nilijaribu kutoka. Kiatu kikagota kwenye mstari, hakikupita. Basi nikafanya kile ambacho mwalimu hufanya akiishiwa. Nikaligeukia darasa nikauliza, "Tumeelewana?"

"Ndiyooo, Madam!"

Duara likapungua.

"Tumeelewana?" nikauliza tena, kwa sauti ya mtu anayejiamini.

"Ndiyooo, Madam!"

Sasa mstari unagusa vidole vya miguu yangu. Darasa zima limeitikia isipokuwa Kandida, ambaye ananitazama tu, hana haraka. Nikaona nikiuliza mara ya tatu nitabaki nimesimama kwa kisigino kimoja.

"Sijui kwa nini, Kandida," nikasema. "Tutafute."

Duara likatulia.

"Hapo sawa," akasema pembetatu. "Haya, nitundike."

"Wapi?"

"Kwenye kamba."

Nikatazama juu. Kamba ya nguo ya chumbani kwangu imekatiza darasa ukuta kwa ukuta, na sketi yangu ya bluu imeanikwa mbele ya wanafunzi arobaini. Hakuna anayecheka. Nikachukua kibanio nikambana pembetatu kichwani.

"Kamba iwe sambamba na kitako changu," akasema. "Ikienda upande, mimi simo."

Bikari akapima huku, akapima na kule, akaridhika.

Ndipo pembe mbili za chini zikaanza kupanda. Ya kushoto inapanda kwa ubavu wa kushoto, ya kulia kwa ubavu wa kulia, na katikati zinapumzika kidogo. Ya kushoto ikafika juu, ikaketi kushoto kwa kichwa, pale palipo wazi kati ya ubavu na kamba. Ikaenea. Ya kulia nayo ikaenea kwa upande wake. Chini ya kamba hapakubaki upenyo hata wa kupitisha wembe.

"Mlijuaje kwamba mtaenea?" Kandida akauliza.

"Ubavu ni ule ule," ikajibu pembe ya kushoto, inahema. "Na kamba imelala vile vile kitako kilivyolala. Kwa hiyo nilivyokaa kule chini ndivyo ninavyokaa huku juu. Ningekosaje nafasi?"

Kandida akasogea mbele akaitazama kamba kwa jicho moja, kama fundi anayekagua mbao.

"Zote tatu zimejaa kwenye mstari ulionyooka," akasema polepole. "Na ulionyooka ni mia na themanini. Na yule mkubwa kama kiwanja, Madam?"

"Ana kichwa?"

"Anacho."

"Basi naye tunampitishia kamba."

Akatabasamu. Sijawahi kumwona Kandida akitabasamu kwenye kipindi cha hesabu, wala kipindi kingine chochote. Nilifurahi sana, na kwa furaha hiyo mdomo ukanifunguka wenyewe.

"Tumeelewana?"

Darasa likavuta pumzi. Bikari akainua mguu wa penseli. Nikaamka kabla hawajaitikia.

Kumekucha, na kuku wa mama mwenye nyumba walikuwa wamerudi mahali pao. Pembetatu nilikuwa nimeiegemeza ukutani kabla ya kulala. Haikuwepo hapo. Ilikuwa inaning'inia kwenye kamba ya nguo, kati ya sketi na taulo, kibanio kimeibana kichwani. Hilo naweza kusema nililifanya mwenyewe usingizini. Lakini ncha zake mbili za chini zilikuwa zimejikunja kidogo kuelekea juu, na boksi la biskuti ni gumu.

Nikaifungua kamba. Sketi na taulo vikaanguka sakafuni, nikaviacha hapo hapo. Nikatia kamba na kibanio kwenye begi, nikashika pembetatu mkononi, nikaenda shuleni kabla ya kengele kumwomba Kandida, msimamizi akishakaa, aniulize tena.