Darubini Iliyohesabu Kutoka kwenye Uongo

Usiku wa kuamkia Ijumaa, Mwalimu Atupele Sanga wa Makete aliota kwamba darubini ya shule imemwita ofisini.

Alikuwa amelala na donge moyoni. Wiki tatu mfululizo aliwakusanya wazazi uwanjani awaonyeshe sayari ya Zohali na pete zake. Wiki mbili waliona giza tupu, ya tatu wakaona paa la bweni. Darubini ile ilisimama juu ya miguu mitatu na kuzungushwa na mota mbili. Ukiitajia nyota, mota huhesabu hatua kutoka pale zilipoanzia hadi nyota ilipo. Kuianzisha, Atupele alikuwa akikisia tu: chuma kizito cha kusawazisha kining'inie chini, bomba litazame kusini, basi.

Ijumaa hii mgeni wake alikuwa mama yake mzazi, Bi. Tusekile. Jicho moja lilikwisha kufa zamani. Lililobaki lingepasuliwa Jumatatu.

"Nionyeshe hiyo nyota yenye pete kabla hawajanigusa," mama alisema wakila. "Wakiliharibu, nibaki na kitu cha kukumbuka."

Basi Atupele akalala, akaota.

Ni saa sita mchana. Darubini imekaa kwenye kiti cha mkuu wa shule, imekunja miguu miwili, wa tatu inautikisa. Mezani kuna pimamaji, ile ya mafundi wa kujenga nyumba, na ndani ya kioo chake kile kiputo cha hewa kimevaa miwani na kinakunywa chai.

"Kaa," darubini ikasema. "Kaa pale ulipoanzia."

"Nilianzia wapi?"

"Hata mimi hujiuliza hivyo kila Ijumaa."

Atupele akabaki amesimama. Hakushangaa kuwa darubini inasema. Alishangaa kuwa ina lafudhi ya Kikinga, lugha ya pale kwao.

"Mwalimu, umewahi kunikuta nimekosea hesabu? Hata hatua moja?"

"Sijawahi."

"Basi kwa nini nimewaonyesha wazazi paa la bweni?"

"Labda mota," Atupele akakisia.

"Kwa sababu nahesabu sawasawa kutoka kwenye uongo," darubini ikasema. "Leo unaniambia hapa ndipo sifuri, kesho sifuri iko kwingine. Kiputo, soma uamuzi."

Kiputo kikaweka kikombe chini. "Kuanzia sasa, hakuna kitu kitakachosogea Makete mpaka kwanza kirudi kilipoanzia."

Kilipofunga mdomo, ofisi ikawa soko.

Viazi vinatoka magunia kwa magunia, vinapanda mlima vyenyewe, vinaingia kwenye matuta na kujifukia. Sweta zinafumuka. Nyuzi zinamtafuta kondoo wake. Bwana harusi na bibi harusi wanatoka kanisani kinyumenyume, wanarudishiana pete, kisha bibi harusi anauliza kwa adabu, "Samahani kaka, tunafahamiana?"

Mkuu wa shule, Mwalimu Mahenge, akapita akitambaa, amevaa suti na tai.

"Usinicheke, Mwalimu," akasema. "Nimeambiwa nirudi mwanzo, na mwanzo wangu ulikuwa huu. Magoti yanauma kweli."

"Sicheki, mkuu."

Na kweli hakuwa anacheka, kwa sababu nyuma ya mkuu wa shule alimwona mama yake. Bi. Tusekile anatembea kinyumenyume kuelekea kwao Bulongwa, na kila hatua inamvua mwaka. Mvi zimekwisha. Mgongo umenyooka. Sasa ni mwanamke wa miaka arobaini, sasa thelathini na tano, na macho yote mawili yanaona.

"Mama! Simama!"

"Nisimameje, mwanangu, na amri imetoka?" mama akajibu, huku akizidi kupendeza. "Tena nasikia raha. Jicho limepona."

Atupele akapiga hesabu. Yeye alizaliwa mama akiwa na miaka ishirini na saba. Akatazama chini. Viatu vyake vimesimama sokoni, vimefungwa kamba vizuri, na ndani hamna miguu.

"Kiputo! Msimamishe mama yangu!"

"Msimamishe mwenyewe," kiputo kikasema. "Nani aliwaambia mwanzo ni pale pa mbali kuliko pote? Mwanzo ni popote unapoweza kupaacha leo, na kesho ukarudi ukapakuta. Wote hawa wamekimbia bila kuuliza."

Magoti yake nayo yalikuwa yameshatoweka. Atupele alimfuata mama yake akielea kama kanga iliyoanuliwa na upepo, pimamaji mkononi, akampata kwenye daraja.

"Mama, nyoosha mikono! Huku na huku!"

Mama akanyoosha. Atupele akalaza pimamaji juu ya mikono. Kiputo kikakimbilia kushoto, kikakimbilia kulia, kikaja kutulia katikati, kikafuta miwani.

"Sawa," kikasema. "Sasa robo mzunguko. Robo kamili, si kukisia."

Akamzungusha mama robo mzunguko, akishika mabega kwa mikono ambayo viganja vyake vilikuwa vimeanza kupitisha mwanga kama karatasi iliyopakwa mafuta. Akamgeuza kichwa kikatazama kusini.

"Taratibu, shingo hiyo!" mama akafoka. "Haya, na kesho utajuaje kuwa ni hapa?"

Atupele hakuwa na kalamu. Akaona sufuria jeusi limeinamishwa ukingoni mwa daraja, akakwangua masizi kwa kidole, akachora mstari mmoja kutoka shingoni mwa mama hadi begani. Shingo ikigeuka, mstari utakatika. Ikirudi, utaungana.

Mara mvi zikarudi. Mgongo ukapinda. Jicho moja likafa tena, na Atupele akalia kwa uchungu na kwa shukrani, kwa sababu miguu nayo ilikuwa imerudi ndani ya viatu.

Akaamka. Kumekucha.

Hakunywa hata chai. Alikwenda kuazima pimamaji kwa fundi jirani, akaitoa darubini stoo. Akakilaza chuma cha kusawazisha mpaka kiputo kikakaa katikati. Kiputo cha kawaida, hakina miwani. Akasoma nyuzi za pembe kwenye duara la mhimili, akakizungusha robo kamili kikaning'inia. Bomba nalo akalifanyia vivyo hivyo. Kisha akabandika selotepu kwenye kila kiungo, akachora mstari kwa peni. Akaivuruga darubini makusudi, akairudisha kwenye mistari. Mara tano alifanya hivyo, na mara zote tano ilitazama mti uleule mlimani.

Saa moja jioni wazazi walikuja, wachache, wengine wamekuja kucheka. Atupele akaitajia darubini Zohali. Mota zikanguruma, zikanyamaza. Alichungulia yeye kwanza, akarudi nyuma.

"Mama, njoo."

Bi. Tusekile, aliyejitanda shuka zito tangu asubuhi kwa baridi, akaja akishikwa mkono. Akainama. Akachungulia mpaka watu wakaanza kuguna.

"Ipo," akasema. "Atu, ina pete kweli. Kadogo, kama kamechongwa."

Waliokuja kucheka wakapanga foleni.

Mama aliinua kichwa amtazame binti yake, na shuka likamteleza. Atupele akanyoosha mkono amfunike. Shingoni mwa mama kulikuwa na alama nyeusi ya masizi, na nyingine begani. Nyumbani kwa Atupele hupikwa kwa gesi.

"Ngoja nitazame tena," mama akasema, akaligeukia bomba.

Zile alama mbili zikasogeleana, zikakutana, zikawa mstari mmoja.