Kikohozi cha Mayige

Domitila alikuwa na tabia moja iliyowafanya majirani zake wa Somanda, Bariadi, waamini kwamba uzee umeshaanza kumchungulia dirishani. Akipiga simu kwenye ofisi yoyote kubwa, zile zinazopokelewa na mashine, alibonyeza namba isiyokuwepo, tena kwa makusudi. Akiambiwa moja ni malipo na mbili ni malalamiko, yeye hubonyeza tisa. Halafu huziba sikio la pili kwa kidole, husikiliza, hutabasamu, hukata.

"Mayu, hilo salio la kuchezea unalipata wapi?" aliuliza jirani yake Nyanjige, mjane mwenzake, akimwita mama kwa Kisukuma huku akichambua mchicha.

"Sichezi. Nazungumza na mume wangu."

Nyanjige akauangalia mchicha kama vile ndio uliosema. Mayige alikuwa ana miaka tisa kaburini, kule Kiloleli.

Lakini Domitila hakuwa amechanganyikiwa hata robo. Ile sauti ya kike inayokuambia utulie, mhudumu atakupokea hivi punde, ilikuwa yake. Alikuwa akiwatuliza watu waliopigia ofisi nyingi za nchi hii bila wao kumjua, wengine wakimtukana hadi mama yake mzazi. Na ukibonyeza vibaya, sauti hiyohiyo ilisema: "Namba uliyobonyeza si sahihi. Tafadhali jaribu tena." Baada ya hiyo "tena", ukitega sikio vizuri, mwanaume alikohoa mara mbili. Kho, kho. Huyo ndiye Mayige.

Jambo lenyewe lilianza mwaka 2009, radi ilipoipiga swichibodi ya simu ya kiwanda cha kuchambua pamba. Hapo ndipo walipofanyia kazi wote wawili, mke akiunganisha simu, mume akizitengeneza. Meneja akasema swichibodi nyingine hakuna. Domitila akapelekwa getini kuandika namba za malori, yeye ambaye sauti yake ilikuwa imewafanya wanunuzi wa pamba wapige simu hata wasipokuwa na la kununua.

Mayige alikuwa na darasa la saba na cheti cha ufundi simu, basi. Akaokota stoo kompyuta iliyokuwa ikilaliwa na kuku, akaifuta, akaanza kushinda nayo kila Jumamosi na Jumapili. Misimu miwili ya pamba ikapita. Kilichotoka humo alikiita Mbiu. Ni programu ambayo ukiiweka kwenye kompyuta, kompyuta inakuwa swichibodi: inapokea simu zinazopita kwenye intaneti, inauliza unamtaka nani, inakuunganisha. Kiwanda kikaanza kuongea na vituo vyake vyote vya kununulia, mpaka Lagangabilili, bila vocha.

Halafu mwanaume akafanya jambo la ajabu. Akaichukua Mbiu nzima, kila mstari aliouandika, akaiweka kwenye intaneti aichukue anayetaka.

"Bure?" Domitila aliuliza. "Mwanaume mzima na akili zako?"

"Si bure. Nimebilisa."

Hapo mkewe akamwelewa. Msukuma mwenye ng'ombe wengi huwapeleka wengine kwa mtu asiye na ng'ombe, awachunge. Huyo mchungaji anakunywa maziwa, anachukua samadi, analima nao. Ila alama iliyo ubavuni haiguswi, ili siku yoyote, hata baada ya wajukuu, ijulikane ng'ombe ni wa nani. Leseni ya Mbiu ilikuwa hivyohivyo, mistari minne tu: tumia, badili, mpe na mwenzio, lakini jina la Mayige lililoko juu ya kila faili usilifute.

Sauti walizirekodi nyumbani. Chumba kilikuwa kinarudisha mwangwi kama pipa, kwa hiyo Mayige akaazima marobota ya pamba, akayapanga ukutani mpaka darini, akamkalisha mkewe katikati kama kifaranga kwenye kiota. Jogoo wa Nyanjige walimfunika karai. Domitila alisoma maneno mia na arobaini bila kukosea. Alipofika kwenye namba isiyo sahihi, vumbi la pamba likamshika Mayige kooni. Kho, kho.

"Umeniharibia," Domitila alisema. "Turudie."

"Acha," Mayige alisema, anacheka huku machozi yakimtoka. "Hiyo ndiyo alama yangu. Ng'ombe kapigwa chapa."

Mbiu ikatembea. Mayige aliyapa matoleo yake majina ya ng'ombe wa mama yake: la kwanza Madoa, la pili Pembe Moja. Watu wa mbali wakawa wanamtumia masahihisho. Mbrazili mmoja alituma sahihisho pamoja na picha ya mbwa wake, na Mayige akaliandika jina la mbwa kwenye orodha ya waliosaidia, maana, alisema, mbwa huyo ndiye aliyekesha naye. Na akaja kijana kutoka upande wa Bukoba, Leonidas, mwenye begi moja na njaa ya watu wawili. Alitaka kujifunza. Miaka minne alikula mezani kwa Domitila akimwita mama, na Mayige hakumficha hata mstari mmoja.

Lile vumbi la pamba halikutoka. Mwaka 2016 lilimaliza kifua cha Mayige. Leonidas alilia msibani kuliko ndugu wa marehemu, mpaka wakamshika asije akaingia kaburini. Alipomaliza kulia akapanda basi la Dar es Salaam na kila kitu kilichokuwa kwenye kompyuta. Akafungua kampuni. Kwanza Mbiu ikaitwa Mbiu Plus. Mwaka uliofuata Mbiu ikaondolewa, ikabaki Plus. Ni kama mgeni uliyemkaribisha kitandani, ukaamkia sakafuni. Jina la Mayige likafutwa juu ya kila faili. Kwenye tovuti yao, chini ya Historia Yetu, Domitila alisoma kwa macho yake kwamba Plus ilizaliwa Dar es Salaam, mezani mgahawani, siku ambayo Leonidas alipata wazo.

Kushtaki? Kwa wakili gani? Hakutaka hata hisa. Alitaka kitu kimoja kabla hajamfuata mumewe: jina la Mayige lirudi kwenye historia ya kitu alichokitengeneza. Mpaka hapo alikuwa na kikohozi tu.

Sasa mwaka jana, asubuhi moja, gari jeupe likasimama mlangoni. Akashuka binti mwenye viatu visivyoijua Bariadi, mkononi kibegi cha kompyuta.

"Shikamoo bibi. Naitwa Nancy, natoka Plus."

"Marahaba. Bibi yako yuko kwenu. Mimi niite mama."

Nancy akaomba radhi, akaeleza. Plus inatimiza miaka kumi kwa hesabu yao. Wanatoa toleo jipya, lina huduma mpya, lina Kisukuma pia. Sauti lazima iwe ileile waliyoizoea wateja. Na za zamani zirekodiwe upya zote, maana hazina ubora.

"Kuna moja ina kelele kabisa," Nancy alisema. "Kuna mtu anakohoa. Tumejaribu kuitoa kwa mashine, inaondoka na neno."

Domitila akaweka kikombe chini. "Mpigie bosi wako."

Nancy akapiga, akaweka sauti kubwa.

"Shikamoo mama!"

"Marahaba baba. Bado unakula ugali wa udaga, au siku hizi tumbo nalo limekuwa Plus?"

Leonidas akacheka kicheko cha mtu mwenye watu chumbani. "Mama nawe! Nimekukumbuka sana."

"Namba yangu ni ileile uliyokuwa ukiniomba nikurushie salio. Nisikilize. Mnataka kikohozi cha mume wangu kitoke. Nitakitoa. Nitawasomea yote upya, na Kisukuma juu, sitaki bahasha. Ila kwenye hiyo historia yenu aandikwe aliyeanzisha."

"Mama, ile ni mambo ya masoko tu. Wateja hawapendi historia ndefu."

"Mayige. Herufi sita. Ni ndefu?"

"Litawekwa, mama. Naapa kwa mzee mwenyewe."

Kuapa kwa marehemu ni rahisi, hatafufuka akanushe. Domitila alilijua hilo. Lakini alikuwa na miaka sitini na mitano, na kikohozi hakisomwi na mtu, jina linasomwa. Akakubali kubadilishana.

Akasoma siku mbili katika chumba cha hoteli kilichozungushiwa magodoro. Alisoma "bonyeza alama ya reli". Alisoma "kwa ubora wa huduma, simu hii inarekodiwa". Alisoma "namba uliyobonyeza si sahihi, tafadhali jaribu tena", akanyamaza, akasubiri kidogo, na nyuma yake hakukuwa na mtu.

"Safi sana, mama," Nancy alisema. "Hiyo imeisha."

Kikaja Kisukuma. Na hapo Domitila akajiwekea akiba, kwa sababu aliyekwisha kuumwa na nyoka hutafuta fimbo kwanza. Palipoandikwa asome "subiri kidogo, mhudumu atakupokea", alisema hivi, kwa Kisukuma kilichonyooka: "Subiri kidogo. Simu hii ilitengenezwa na Mayige wa Kiloleli. Aliyefuta jina lake, ng'ombe wa watu atamkwama kooni."

Nancy akatazama karatasi. "Kisukuma ni kirefu eh?"

"Kirefu, mwanangu. Sisi salamu tu inaweza kuivisha maharage."

Toleo jipya likatoka. Domitila akafungua simu, akaenda kwenye Historia Yetu. Wameiandika upya kweli. Plus ilizaliwa Dar es Salaam, mezani mgahawani, na baadaye ikajaribiwa Kanda ya Ziwa "kwa msaada wa fundi mmoja wa eneo hilo."

Fundi mmoja wa eneo hilo. Alisoma mara tatu. Hata mbwa wa Mbrazili alikuwa na jina.

Akampigia Leonidas. Haikupokelewa. Akapiga ofisini kwao, akapokelewa na nafsi yake mwenyewe, inamsihi awe na subira. Akajijibu tusi ambalo hakuwahi kulitoa mbele ya watu.

Sawa, alisema. Bado mbili ipo. Akawa kila siku anapiga, anasikia "kwa Kiswahili bonyeza moja, kwa Kisukuma bonyeza mbili", anabonyeza mbili, anaambiwa simu hii ilitengenezwa na Mayige wa Kiloleli. Akawa anasubiri kelele zianze. Wasukuma ni wengi kuliko mchanga. Mmoja atasikia, atacheka, atamwita mwenzake. Sokoni watasema. Leonidas atapandwa na presha. Wiki ikapita, mwezi ukapita. Sokoni walikuwa wakisema habari za bei ya dagaa wa Lamadi.

Akamwendea Nyanjige, mtu ambaye hata akiota anaota Kisukuma.

"Ukipiga simu ofisini, unabonyeza ngapi?"

"Moja."

"Kwa nini moja, na Kiswahili chenyewe unakikanyaga mkia?"

"Mayu, nikibonyeza mbili si watajua mimi mshamba?"

"Nani atajua? Ni mashine!"

"Mashine hizi zinajua," Nyanjige alisema. "Wakikuona wa kijijini wanakuweka foleni ya nyuma."

Akamuuliza mwenye duka, akamuuliza mwalimu mstaafu, akamuuliza hadi mzee Maduhu mwenye ng'ombe mia mbili, ambaye Kiswahili hukiongea kama anayevuka mto kwa mawe. Moja. Moja. Maduhu alijibu kwa hasira kabisa, kama aliyeulizwa kama huwa anaoga.

Mwezi wa tatu tangu toleo litoke, Nancy akapiga mwenyewe. Binti hakuwa na roho mbaya.

"Mama, nilitaka ujue kabla. Kisukuma tunakiondoa. Ripoti inaonyesha hakina watumiaji. Nchi nzima, aliyebonyeza mbili ni mtu mmoja. Amepiga mara mia mbili na kumi na moja. Namba ni yako, mama."

"Mmesikiliza anachosikia?"

"Nani asikilize? Hapa hakuna anayejua Kisukuma."

Kwa hiyo hakuna aliyekasirika. Afadhali wangekasirika, wangemwita, wangemtishia polisi, jina lingetajwa hata kituoni. Alikuwa ametega mtego mzuri, akamkamata mtu mmoja, naye ni yeye.

Siku ya pili yake, saa nne asubuhi, akakaa kwenye kigoda chake, Nyanjige pembeni na mchicha wake, akapiga ofisini kwa Plus.

"Kwa ubora wa huduma, simu hii inarekodiwa," ilisema sauti yake. "Kwa Kiswahili bonyeza moja." Mbili haikutajwa.

Akabonyeza mbili.

"Namba uliyobonyeza si sahihi. Tafadhali jaribu tena."

Akaziba sikio la pili kwa kidole. Akasubiri pale baada ya "tena", pale ambapo kwa miaka mingi palikuwa na mtu. Palikuwa safi kama sahani ya nyumba isiyo na chakula. Na kile kikohozi alikiondoa yeye kwa mdomo wake mwenyewe, siku mbili, kwenye magodoro, akasifiwa.

Nyanjige aliacha kuchambua. "Yupo?"

Domitila aliisogeza simu mdomoni. Inarekodiwa, si wamesema? Akakusanya pumzi toka tumboni, akakohoa mara mbili, kwa sauti nzito ya kiume, kama kifua kilichojaa pamba. Kho, kho. Kisha akalitaja jina, herufi zake sita, polepole kama anayemwandikisha mtoto shule.

Mashine ikamwambia asante kwa kutumia Plus, ikakata.

"Salio limeisha?" Nyanjige aliuliza.

"Bado lipo," Domitila alisema, akapiga tena.