Siku Niliyomshikia Mzizi Besi

Mwenyeji ugua, mgeni apone. Najua wahenga walisema kinyume chake, lakini wahenga hao hawakupiga gitaa la besi. Sisi wapiga besi tuna mlango mmoja tu wa kuingilia: mwenzetu aanguke. Wapiga solo wanaweza kuwa watatu jukwaani wakigombea nafasi kama kuku na punje, na waimbaji wakajaa mpaka maikrofoni zikaisha. Besi ni mmoja. Hakuna bendi duniani iliyowahi kutafuta wa pili.

Ndiyo maana tulikuwa na mchezo wetu katika karakana ya mjomba. Mjomba ni fundi wa spika na amplifaya, na zamani alipiga besi mpaka vidole vikamkakamaa. Kazi ikipungua mchana, tulikaa juu ya maspika mabovu, yeye, mimi, na Mrefu anayepiga besi kanisani, na swali lilikuwa lile lile: leo ukipigiwa simu ukamshikie mtu nafasi, ungetaka iwe bendi gani?

Mrefu alibadilisha jibu kila wiki. Leo bendi ya vijana wenye taa za rangi, kesho bendi ya polisi kwa sababu wana basi lao.

"Mimi nataka bendi yenye viti," mjomba alisema. "Nimesimama ya kutosha."

"Na wewe?" Mrefu aliniuliza, ingawa alijua.

"Wanane."

"Wanane tena! Hata majani ya chai hubadilishwa, dada."

"Tena siku hizi ni sita," mjomba alisema. "Wawili wametangulia mbele ya haki. Jina tu ndilo limebaki na uzito wake."

Wanicheke tu. Nilikulia kwenye nyimbo za Wanane. Mama alipiga pasi nazo, akapika nazo, akanuna nazo. Na wimbo wao mkubwa, "Niazime Mwavuli", unaanza na besi peke yake. Hakuna ngoma, hakuna kinanda. Besi inapanda kidogo, inasita, inarudi, kama mtu aliyefika mlangoni kwa watu akasahau alichofuata. Halafu anaingia mwimbaji, Mama Sauti, na sauti yake inapanda juu mpaka unahisi vikombe kabatini vimenyamaza kumsikiliza. Nilijifunza sauti hizo za besi kabla sijajua kufunga kamba za viatu. Aliyezipiga, na anayezipiga hadi leo, anaitwa Mzizi.

Alhamisi moja simu ya mjomba iliita. Alisikiliza, akaguna, akanitazama kwa jicho la pembeni.

"Mzizi kabanwa kidole na mlango wa gari."

Niliruka nikasimama. "Kimekatika?"

"Kimevimba kama ndizi. Kitapona. Ila Jumamosi mchana wana harusi, na nimewaambia nina mtu."

Nilishusha pumzi. Kutamani nafasi ya mtu ni jambo moja. Kumtamania kidole kikatike ni jambo lingine, na mimi si mchawi. Kisha nikaelewa huyo "mtu" ni nani, na pumzi niliyoishusha ikapanda tena yote.

Jumamosi, ukumbi ulikuwa umejaa harufu ya maua na rangi mpya ya ukuta. Watu walikuwa wameanza kukaa. Kiongozi wa bendi, mzee nadhifu mwenye kitana kwenye mfuko wa shati, alinikagua kutoka viatuni hadi kichwani.

"Fundi aliniambia analeta mpiga besi," alisema. "Huyu si mpambaji?"

"Mpambaji yuko kule kwenye maua, mzee. Besi ndiyo mimi. Shikamoo."

Mpiga ngoma, ambaye wote walimwita Chuma, alicheka mpaka kijiti kikamponyoka. "Marahaba, mwanangu! Huyu simrudishi."

"Nyimbo unazijua?" Kiongozi aliuliza.

"Kama njia ya kwetu."

"Tunafungua na Mwavuli. Unaanza peke yako, kama kawaida. Usikimbie. Unitazame mkono."

Ndiyo yote niliyoambiwa. Hakukuwa na mazoezi. Chuma alipiga ngoma mara mbili, fundi wa maikrofoni akahesabu moja mbili, na gari la maharusi likapiga honi nje. Mama Sauti aliingia mwisho, mwanamke mnene mwenye kilemba cha kijani, akanigusa bega alipopita. Mkono wake ulikuwa wa baridi. Nilishangaa kwamba hata yeye huogopa.

Nikaanza.

Besi ilipanda, ikasita, ikarudi. Watu waligeuza vichwa. Mzee mmoja wa meza ya mbele aliweka kijiko chini. Nilikuwa naipiga kama ilivyo kwenye sahani ya santuri, kila sauti mahali pake, na nilipofika mwisho wa kipande changu bendi ikaingia.

Kelele zilizotoka, Mungu anisamehe. Zilikuwa kama kabati la masufuria linaloanguka ngazini. Magitaa yalikuwa kwingine, kinanda kwingine, na mimi peke yangu juu kama paka juu ya bati. Nilidhani besi yangu imelegea nyuzi. Kisha nikasikiliza, nikaelewa, nikataka ardhi ipasuke: wao walikuwa chini yangu hatua mbili kamili. Wimbo ule walikuwa wameushusha, wanaupiga chini ya ulivyorekodiwa. Waliushusha zamani sana, na Mzizi ameupiga huko chini kwa muda mrefu mpaka hakuna hata mmoja wao aliyekumbuka kuniambia. Ungewauliza, wangeapa kwamba sahani ndiyo iliyokosea.

Kiongozi alinitazama kama mtu aliyeona nyoka kitandani. Kiganja chake kilishuka: chini, chini, teremka.

Ni jambo dogo. Unatelezesha mkono kwenye shingo ya gitaa, basi. Kidole changu kilikwishaanza kuteleza.

"Usishuke."

Mama Sauti alikuwa amenigeukia, mgongo kwa watu, maikrofoni kiunoni. Hakupaza sauti. "Baki hapo hapo, mwanangu. Nirudie mwanzo."

Nilimtazama Kiongozi. Kiganja chake kilikuwa bado kinateremka, na uso wake ulikuwa umesema tayari: ukikaidi, umekwisha. Nilikuwa nimeingoja siku hii maisha yangu yote. Ningeshuka, ningekuwa mtoto mzuri, na ningeitwa tena.

Nikarudia mwanzo, palepale juu.

Chuma alikuwa wa kwanza kucheka. Mpiga gitaa la pili alisukuma mkono mbele bila hata kutazama. Vidole vya wazee havisahau. Mpiga kinanda alibonyeza kitufe kimoja, akaendelea kunyonya pipi yake. Kiongozi alibaki peke yake chini na gitaa lake la solo, kisha naye akapanda, kwa sababu afanye nini?

Mama Sauti akafumba macho, akaimba.

Ubeti wa kwanza ulipita. Lakini nilijua, na wao wote walijua, kwamba kipande kigumu kipo kwenye kiitikio, pale mwanamke wa wimbo anapoomba mwavuli mara ya mwisho. Chuma aliacha kucheka. Nilipiga taratibu nikiwa nimekaza meno, nikimsogezea kila sauti kama mtu anayemshikia mwenzake ngazi. Akapanda. Sauti ilikwaruza kidogo pembeni, kama mlango uliofungwa muda mrefu, kisha ikafunguka. Ikafika. Ikakaa huko juu kwa raha zake, pana, bila haraka ya kushuka.

Watu walisimama. Bibi harusi alikuwa hajakaa bado na tayari analia. Na mimi nilihisi mabega yangu yakishuka kutoka masikioni. Nyimbo zilizofuata tulizipiga huko walikozishusha, Chuma akinionyesha kwa vidole hatua za kushuka kabla ya kila wimbo, na sikukosea hata moja.

Baada ya onyesho tulikutana kwenye stoo ya ukumbi, kati ya viti vilivyopangwa mpaka darini. Mjomba alikuwa amekuja kubeba amplifaya. Mama Sauti alikuwa amekaa, kilemba mkononi, anakunywa maji na kucheka peke yake.

"Ungeharibika mbele za watu, dada," Kiongozi alimwambia. Ndipo nilipojua kwamba ni ndugu, tumbo moja. "Umesahau ile harusi sauti ilipokukatika? Umesahau ulivyolia? Nilishusha kila wimbo kwa ajili yako."

"Nilikuwa na mafua," Mama Sauti alisema. "Mafua, wewe! Ukanishusha siku ile, ukasahau kunipandisha. Nami nikadhani labda umesikia kitu ambacho mimi sikisikii."

"Nilikuwa nakulinda."

"Najua. Ndiyo maana sikukuuliza." Alijifuta uso kwa kilemba. "Nilidhani sauti imekufa, mdogo wangu. Miaka yote nimekuwa naimba kama mtu anayetembea gizani ndani ya nyumba yake mwenyewe. Leo nimewasha taa."

Mwanamume aliyeshindwa na dada yake humtafuta aliye mdogo kwake. Kiongozi akanigeukia.

"Kidole cha Mzizi kitachukua muda. Nahitaji mtu, na mkono unao, sikatai. Lakini nilikupa ishara, ukaniona, ukanipuuza mbele ya bendi yangu. Uombe radhi hapa, mbele ya wenzako, yaishe. Jumamosi ijayo uje."

Chuma aliinamia ngoma zake. Mjomba, mlangoni, alinikonyeza. "Neno moja tu, mwanangu. Halivunji jino."

Mama Sauti hakunisaidia. Alinitazama tu, glasi ikiwa mdomoni, na macho yake yalikuwa bado yanang'aa. Kama ningesema samahani, ningekuwa nasema kwamba ile sauti ilikuwa ajali.

Nilifunga begi la gitaa. Nilikuwa mwepesi kama mtu aliyetoka kwa daktari akiwa ameambiwa hana kitu.

"Mzee," nilisema, "nilianza juu kwa sababu hamkuniambia mmeshusha. Hilo ni lenu. Nikabaki juu kwa sababu mwenye wimbo aliniomba. Hilo ni langu. Jumamosi mkiniita nitakuja, msiponiita nitamsalimia Mzizi. Lakini radhi siombi."

"Huombi?"

"Siombi."